Shajara ya mradi: GX110, naitrasi na mchanganyiko wa mafuta katika joto la Dar

Desemba. Gari na lengo

Gari ni Toyota Mark II GX110, gia otomatiki, injini 1G-FE: silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 1988, farasi 160 ilipotoka kiwandani. Anayeijua injini hii anajua uzuri wake. Inazunguka laini, haina fujo, na vipuri vyake havikosekani Kariakoo. Lakini haikutengenezwa kwa mashindano. Pistoni ni za kawaida, mgandamizo ni 10 kwa 1, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Nimejiwekea kikomo cha farasi 35 za nyongeza kwa naitrasi, na sitakivuka mpaka siku nitakapofungua injini na kuweka pistoni za chuma kilichofuliwa (forged).

Mfumo ni ule unaopuliza naitrasi na petroli kwa pamoja kupitia nozeli moja, iliyokaa kwenye bomba la hewa kabla ya throto, mlango wa hewa unaofunguliwa na kanyagio. Solenoidi, yaani valvu za umeme, ni mbili, moja ya gesi na moja ya petroli. Kila mkondo una jeti yake, na namba ya jeti ni upana wa tundu kwa elfu za inchi. Jeti 18 maana yake tundu la inchi 0.018.

Wengi hudhani naitrasi ndiyo inayowaka. Yenyewe haiwaki. Ni gesi iliyobeba oksijeni: kwa uzito, asilimia 36 ya naitrasi oksaidi ni oksijeni, wakati hewa tunayovuta ina kama asilimia 23. Ikifika kwenye joto la nyuzi 300 hivi ndani ya silinda, inaanza kuvunjika na kuiachia oksijeni hiyo. Nguvu inatoka kwenye petroli ya ziada ambayo sasa imepata oksijeni ya kuichoma. Ukileta oksijeni bila petroli ya kutosha, joto linapanda, injini inaanza kugonga (mafuta kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia), na pistoni inatoboka ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana kazi kubwa ya mradi huu si kufunga mtungi. Ni kupima mafuta.

Januari. Ufungaji

Mtungi wa ratili 10 umekaa kwenye buti, umelazwa kwa kuinuliwa kidogo upande wa valvu, na valvu imeelekea mbele. Ndani kuna mrija unaofika chini nyuma, mahali ambapo gesi iliyo majimaji hurudi gari linapochomoka. Ukiugeuza mtungi, mrija unavuta mvuke badala ya majimaji na mchanganyiko unaharibika bila geji ya mtungi kuonyesha lolote.

Mdomo wa usalama wa mtungi tumeuelekeza nje ya gari kwa bomba. Viungio vyote vya upande wa gesi vimefungwa vikavu na safi, bila grisi wala oili, kwa sababu mafuta yakikutana na naitrasi yenye presha kubwa yanaweza kulipuka. Fundi wetu wa umeme amefunga swichi inayofunga saketi pale tu kanyagio linapogusa mwisho, na kifaa kinachoruhusu mfumo kufanya kazi kati ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 3,000 na 5,800 basi. Chini ya hapo hewa inakwenda polepole, petroli inatuama ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), na moto ukirudi nyuma unapasua kila kitu kilichotengenezwa kwa plastiki.

Uamuzi ninaoupenda kuliko yote ni kutenga petroli ya naitrasi. Ina tangi lake dogo, pampu yake, chujio lake na regyuleta yake ya kushika presha. Petroli ya injini inabaki chini ya kompyuta ya gari kama Toyota walivyopanga. Sasa nina michanganyiko miwili isiyoingiliana, na nikigusa mmoja najua mwingine uko palepale.

Plagi ni za nikeli ya kawaida, hatua moja baridi zaidi ya zile za mwanzo, na mwanya umebanwa hadi milimita 0.8. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inarudishwa nyuma digrii 2 na kikompyuta cha ziada kila naitrasi inapofunguka.

Februari. Joto la kaskazi

Vitabu na video karibu zote za naitrasi zimetoka kwenye nchi za baridi. Sura ya kwanza ni namna ya kupasha mtungi joto. Hapa Dar mwezi wa pili tatizo limegeuka.

Naitrasi ndani ya mtungi ni majimaji yanayoishi pamoja na mvuke wake, na presha yake inafuata joto. Kwenye nyuzi 20 ni psi (ratili kwa inchi ya mraba) 730 hivi. Kwenye nyuzi 30 inapita 900 kidogo. Mafundi wengi wa naitrasi hupanga kati ya 900 na 1,000, na jeti zinazokuja na kifurushi zimehesabiwa kwa presha hiyo. Kwa hiyo joto la kawaida la kivulini Dar linakupa presha nzuri bila kifaa chochote, na ningetaka kila anayeagiza hita ya mtungi kutoka nje alijue hili kabla hajatoa hela.

Shida ni buti. Gari likikaa juani hadi saa saba mchana, kipimajoto nilichobandika ubavuni mwa mtungi kilionyesha nyuzi 41, na sindano ya presha ilikuwa imepita 1,150. Naitrasi ina nukta yake ya mwisho: nyuzi 36.4, kwenye psi 1,050 hivi. Juu ya hapo hakuna tena majimaji wala mvuke. Kuna kitu kimoja kinachobanwa kama gesi, na uzito wake ndani ya kila lita hubadilika kirahisi joto na presha vikibadilika. Jeti ile ile, kanyagio lile lile, na bado hujui ni gramu ngapi zimepita. Kujaribu kupanga mchanganyiko katika hali hiyo ni kupoteza petroli na kuhatarisha injini.

Tulichofanya: mtungi umevishwa koti la kuakisi joto, buti limewekewa feni ndogo ya kutoa hewa, na siku ya majaribio mtungi unasubiri kivulini, haupandi garini mpaka dakika za mwisho. Ukizidi, unafunikwa taulo lililochovywa maji ya barafu. Taulo la maji ya kawaida halisaidii sana pwani, unyevu wa hewa hauruhusu likauke upesi. Baada ya kupoza tunasubiri, kwa sababu geji inashuka kabla majimaji ya katikati hayajapoa, kisha inapanda tena.

Vilevile tumeongeza swichi ya presha. Chini ya 850 au juu ya 1,000, mfumo haufunguki hata ukikanyaga vipi.

Machi. Petroli kwanza, gesi baadaye

Kabla ya kufungua mtungi hata mara moja, tumepima petroli peke yake. Presha ya petroli inayosomwa solenoidi ikiwa imefungwa haina maana. Ilionyesha 48, na solenoidi ilipofunguka ikaanguka hadi 43. Hiyo 43 ndiyo inayofanya kazi. Tulichomoa bomba la petroli pale nozeli, tukaweka jeti 19, tukaelekeza kwenye chupa ya maabara yenye vipimo, betri ikiwa imeunganishwa chaja ili pampu ipate volti zake kamili, kizima moto kikiwa pembeni. Sekunde kumi zilitoa mililita 39 hivi. Jeti 17 ikatoa 31.

Hesabu ya jeti inafaa kuijua kwa kichwa, maana mtiririko hufuata eneo la tundu, yaani namba ikizidishwa kwa yenyewe. Kutoka 17 kwenda 18 unaongeza petroli kwa asilimia 12. Ukitaka badiliko dogo kuliko hilo, tumia presha: mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo kutoka psi 43 kwenda 47 ni nyongeza ya asilimia 4 na nusu. Jeti ni kwa hatua kubwa, regyuleta kwa hatua ndogo.

Majaribio tumeyafanya kwenye kiwanja cha watu binafsi chenye lami ndefu, geti limefungwa, tumeomba ruhusa. Barabara ya Bagamoyo si mahali pa kufanya haya, hata saa nane usiku. Gari linashikwa gia ya tatu, ambayo uwiano wake ni moja kwa moja, na kila kitu kinarekodiwa: RPM, presha ya petroli, presha ya mtungi, na sensa ya oksijeni ya masafa mapana iliyochomekwa kwenye ekzosi.

Bila naitrasi, kanyagio likiwa chini kabisa, injini inasoma 12.8, yaani kilo 12.8 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Naitrasi ikiwa na jeti 19 ya petroli, 11.2. Huo ni mchanganyiko mzito, petroli imezidi, na moshi wake unauona. Kwa jeti 18, 11.4. Kwa jeti 17, 11.7.

Hapa ndipo nataka msomaji atulie. Kutoka 19 hadi 17 nimeiondoa moja ya tano ya petroli ya naitrasi, na sindano imesogea kwa nusu tu. Sababu ni kwamba geji inasoma jumla. Sehemu kubwa ya petroli inayopita ni ile ya injini, ya naitrasi ni kama robo yake. Mabadiliko makubwa kwenye sehemu ndogo yanaonekana kama mtikisiko kwenye jumla. Mtu akisema mchanganyiko wake umeachana na wa jana kwa 0.3 tu, kwenye gari la naitrasi hiyo si "tu".

Jambo la pili: namba ya 11.7 yenyewe ni tafsiri. Sensa haihesabu hewa, inapima oksijeni iliyobaki au petroli iliyozidi, inapata lambda (hewa iliyoingia ikigawanywa kwa ile inayotosha kuichoma petroli yote), halafu geji inazidisha kwa 14.7 kwa kuamini kwamba kilichoingia ni hewa na petroli. Naitrasi ina mizani yake. Ukichukua oktani kama mfano wa petroli, molekuli moja inahitaji molekuli 25 za naitrasi, ambayo kwa uzito ni kilo 9.6 za gesi kwa kilo moja ya mafuta, wala si 14.7. Kwa hiyo ndani ya rekodi zetu nimehamia kwenye lambda. Lengo ni 0.80 na sishuki chini ya 0.77 wala sipandi juu ya 0.82.

La tatu, na hili limewaunguzia wengi: silinda ikikosa moto, oksijeni yake inatoka nzima kwenye ekzosi na geji inasema mchanganyiko ni mwepesi. Ukiifuata geji ukaongeza petroli, moto unazidi kukosekana. Kila ninapoona mruko wa ghafla kwenda juu, kwanza natazama RPM kama imetetemeka.

Aprili. Masika, na kusoma plagi

Mvua zimefunga kiwanja. Hakuna kilichopotea, kwa sababu plagi za mbio za mwisho zilitolewa injini ikiwa imezimwa palepale mwisho wa mbio, zikapangwa kwa namba kwenye ubao wenye matundu sita. Tumekaa nazo mezani na lenzi yenye taa.

Plagi inasomwa sehemu tatu. Ulimi wa juu una alama ya joto, mstari ambapo rangi ya chuma inabadilika. Mstari ukiwa karibu na ncha, taimingi ni ya chini. Ukikaribia shina, joto limezidi. Kauri nyeupe inatazamwa chini kabisa, pale inapozama ndani ya chuma. Huko ndiko petroli inakoacha pete ya moshi, na lazima uchungulie na taa maana sehemu ya juu ya kauri haisemi ukweli. La mwisho ni punje. Ukiona vitone vidogo vinavyometa kama fedha, au madoadoa meusi kama pilipili iliyosagwa, injini imegonga. Vinavyometa ni alumini ya pistoni.

Punje hazikuwepo, namshukuru Mungu. Lakini pete hazikufanana. Silinda mbili zilizo karibu na mlango wa hewa zilikuwa na pete hafifu, karibu haionekani. Mbili za mwisho wa manifoldi zilikuwa na pete nene na nyeusi. Geji ilikuwa inasema 11.7, na geji ilikuwa sahihi: hiyo ilikuwa wastani wa silinda sita. Baadhi zilikuwa kwenye 11 na baadhi juu ya 12.

Sababu ni ya kimwili. Manifoldi ya 1G-FE ilitengenezwa ipitishe hewa kavu, petroli inaingizwa na injekta mlangoni mwa kila silinda. Sisi tumeleta petroli mapema, ikisafiri pamoja na hewa. Matone ni mazito kuliko gesi, yanashindwa kukata kona, yananyoosha hadi ukuta wa mwisho. Naitrasi inakata kona vizuri. Basi silinda za karibu zinapata gesi yao, lakini petroli pungufu.

Fundi mkuu, ambaye amefungua injini tangu enzi za Datsun, alichungulia plagi ya silinda ya kwanza akasema, "Hii haijaumia, ila imeanza kuomba maji." Tukarudisha jeti 18 siku hiyohiyo. Kanuni yangu tangu hapo: mchanganyiko unapangwa kwa silinda iliyo nyepesi kuliko zote, na zile nzito zivumilie.

Mei. Nozeli yahamishwa, chujio laziba

Nozeli imesogezwa nyuma kwenye bomba la hewa, mbali zaidi na throto, na mdomo wake umegeuzwa ulenge katikati ya mkondo badala ya ukuta. Safari ndefu zaidi inayapa matone muda wa kupasuka na kuwa mvuke. Pete za plagi zimekaribiana sana baada ya hapo. Hazijalingana, lakini tofauti yake sasa naweza kuishi nayo kwa farasi 35. Kwa 75 nisingekubali.

Katikati ya mbio moja mfumo ulijikata wenyewe. Rekodi ilionyesha presha ya petroli ikiteleza kutoka 43 hadi 36 kwa muda mfupi, kisha swichi ya usalama ikafunga solenoidi zote mbili. Chujio la tangi dogo lilikuwa na tope la kahawia, uchafu uliokuja na petroli. Ningependa kila anayefunga mfumo huu apige hesabu hii: petroli ya naitrasi ikikatika yote na gesi ikaendelea, geji inaruka kutoka 11.4 na kupita 14 kwa kufumba na kufumbua. Macho hayawahi. Swichi ya presha ya petroli ni bei ndogo na inawahi. Chujio sasa linabadilishwa kila tunapojaza mtungi.

Juni. Kusi limeingia

Upepo umegeuka, asubuhi kuna ubaridi mzuri. Mtungi kwenye nyuzi 22 unasoma 770 na swichi inakataa kufungua. Huu ndio upande wa pili wa joto: presha ikishuka, gesi inapungua, petroli inabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito. Hauunguzi pistoni, ila unakula nguvu na kuchafua plagi.

Mtungi unapashwa kwa blanketi la umeme lenye kidhibiti cha joto, au maji ya vuguvugu. Nimeona watu wakiupitisha mtungi kwenye moto wa gesi ya kupikia. Usikae karibu na mtu huyo. Moto unalegeza alumini ya mtungi mahali pamoja wakati presha ndani inapanda, na diski ya usalama haikutengenezwa kwa ajili ya ukuta uliodhoofika.

Kuna waliopendekeza nibadilishe jeti kwa majira, 18 wakati wa kaskazi na 17 wakati wa kusi. Inawezekana, lakini ni kukimbiza mkia. Nimechagua kushika presha ya mtungi kwenye 950 mwaka mzima, niache jeti palepale. Ukishika presha, rekodi za Februari na za Juni zinalinganishika. Usipoishika, kila rekodi ni gari jingine.

Binamu yangu aliye Nairobi ana GX110 pacha wa hii na anataka kufunga vilevile. Kwake kuna mambo mawili. Nairobi iko juu ya mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama moja ya sita ya nguvu ya pwani. Naitrasi inatoka mtungini, haijali uko mwinuko gani: farasi 35 zinabaki karibu 35. Hiyo ndiyo sababu Wajerumani waliifunga kwenye ndege zao za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, mfumo waliouita GM-1, kwa kazi ya juu angani ambako hewa ni haba. Lakini maana yake pia ni kwamba sehemu ya naitrasi ndani ya jumla ni kubwa kwake kuliko kwangu. Kosa la jeti moja litaonekana zaidi kwenye geji yake, na litaumiza zaidi. Nimemwambia asinakili jeti zangu. Anakili utaratibu: petroli kwenye chupa ya vipimo, kisha presha ya mtungi, kisha lambda, kisha plagi zote sita.

Hali ya sasa

Jeti ya petroli 18, presha 43 ikitiririka, mtungi 950, lambda 0.78 hadi 0.79 kutoka RPM 3,500 hadi 5,800. Taimingi digrii 2 nyuma. Mbio ndefu zaidi inaonyesha mtungi ukishuka kwa psi 60 na lambda ikizama kidogo mwishoni, upande salama.

Kazi inayofuata ni manifoldi ya akiba, niliyoinunua Ilala. Itatobolewa matundu sita, moja kwa kila silinda, yawekwe nozeli ndogo sita zenye jeti zake. Hapo kila silinda itapata gesi na petroli yake bila kusafiri, na nitaweza kurudi kwenye lambda 0.80 bila kuogopa silinda ya kwanza. Fundi wa kuchonga ameomba wiki mbili na vipimo vya nyuzi za kufungia nozeli. Vipimo nimempa.